Siku ya kupika na siku za kuunga: barua kwa mwanangu aliye Leeds, Uingereza

Mwanangu,

Kamwene. Hapa Njombe sote wazima, dada yako anakusalimu, na mgahawa unaendelea vizuri.

Ujumbe wako nimeusoma na nikaurudia. Unasema ukitoka zamu ni saa moja na nusu usiku, jua lilishazama kabla ya saa kumi alasiri, baridi imekuingia mifupani, na ukifika nyumbani unakunywa chai kwa mkate unalala. Ukaniuliza: "Mama, nipike nini cha moto, kisichozidi nusu saa, nikiwa nimechoka hivi?" Nakujibu kwa urefu, maana picha uliyotuma wiki iliyopita imenionyesha shingo yako ilivyokonda.

Wewe umekulia mgahawani, kwa hiyo jibu umekuwa ukiliona tangu utotoni. Dereva wa basi la Makete akishuka hapa saa mbili usiku, mikono imekufa ganzi, akaagiza wali maharage, sahani inamfikia kabla hajakaa sawasawa. Maharage yalichemshwa alfajiri. Vitunguu na nyanya vilikaangwa mchana vikawekwa pembeni. Yeye akifika, kazi iliyobaki ni kuunga tu. Na wewe fanya vivyo hivyo: siku yako ya mapumziko iwe ya kupika, siku za zamu ziwe za kuunga. Ukianza na sufuria tupu na kitunguu kibichi saa mbili usiku, baada ya kusimama wodini saa kumi na mbili nzima, utarudi kwenye mkate kila siku, na hakuna wa kukulaumu.

Anza na rojo. Chukua vitunguu maji sita vikubwa, uvikate vyembamba, uvikaange kwa nusu kikombe cha mafuta, moto wa kati. Usiviharakishe. Subiri vilainike, vipoteze weupe, kisha kingo zianze kugeuka kahawia. Ndipo utie kitunguu saumu na tangawizi mbichi uliyotwanga, kijiko kikubwa cha kila kimoja, ukoroge mpaka harufu ya ubichi iishe. Halafu nyanya za kopo, makopo mawili ya gramu 400. Nyanya mbichi za huko wakati wa baridi hazina ladha, umeniambia mwenyewe, basi usizihangaikie. Acha sufuria bila kifuniko, koroga mara kwa mara, mpaka rojo liwe zito na uone mafuta yanajitenga pembeni. Hapo kwenye mafuta ndipo pa kuangalia. Yakijitenga, nyanya zimeiva. Kabla ya hapo mchuzi wako wa wiki nzima utakuwa na uchachu, na hakuna kiungo kitakachouficha. Chumvi tia kidogo tu, nyingine utaongeza ukiunga. Likipoa, ligawe kwenye vikopo vidogo, kila kimoja mlo mmoja: viwili weka kwenye friji, vilivyobaki friza.

Siku hiyohiyo chemsha maharage, nusu kilo inatosha. Yaloweke usiku wa kuamkia, mwaga yale maji, tia mapya. Utashangaa yanavyoiva upesi kuliko ya hapa. Njombe tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwenye urefu huo maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, ndiyo maana maharage yanatumalizia mkaa. Leeds iko chini, maji yanakaribia nyuzi 100 kamili. Nayo yakipoa yagawe, yaende friza.

Hapo nina onyo, na naomba ulishike. Umeniandikia kwamba mwenzako kazini anataka kukuachia ile sufuria ya umeme inayopika polepole kutwa nzima. Ipokee, inafaa sana kwa nyama ya mifupa. Lakini maharage mekundu makavu usiyatie humo kabla ya kuyachemsha jikoni. Yana sumu yake ya asili, na kinachoiharibu ni mchemko mkali; sufuria ile haifiki kwenye moto huo. Yalowekwe angalau saa tano, yatokote kwa nguvu dakika 10 au zaidi, ndipo uendelee na mengine. Punje chache zisizoiva zinatosha kumtapisha mtu mzima. Ya kopo hayana neno, yameshapikwa kiwandani. Suuza tu yale maji yake ya chumvi.

Sasa tuje kwenye jioni zenyewe. Chakula ninachokuombea ukizoee kuliko vyote ni adesi, zile nyekundu ndogo zilizokobolewa. Kwenye maduka ya Wahindi zipo tele, haziozi, hazilowekwi. Ukiingia ndani, kabla hujavua koti, bandika sufuria: kikombe kimoja cha adesi ulizoziosha, vikombe vitatu vya maji, nusu kijiko cha chai cha manjano. Kifuniko kiache wazi kidogo, maana povu lake hupanda haraka likazima moto au kuchafua jiko. Sasa vua koti, nawa, badili nguo. Baada ya dakika 15 hivi zitakuwa zimepasuka na kulainika. Tia kikopo kimoja cha rojo, nusu kopo la tui la nazi, chumvi, na pilipili manga ya kusaga, zaidi ya unavyotia kawaida. Zichemke dakika tano, zima, kamulia ndimu. Ndimu ikitangulia kuingia kabla moto haujazimwa, ladha yake hufifia, kwa hiyo isubiri. Hapo una milo miwili, wa leo na wa kesho. Ukitaka kula na mkate, kula. Mkate wenye kitu cha kuchovya ni chakula.

Nimesema adesi kwanza kwa sababu unaniuliza juu ya joto. Kitu kizito chenye mchuzi, ndani ya bakuli lenye kina, hukaa na moto wake mpaka mwisho wa kula. Chipsi unazonunua njiani zimepoa kabla hujafungua mlango. Suuza bakuli kwa maji ya moto kabla ya kupakua, kama tunavyofanya hapa mwezi wa Julai, wakati nyasi za Kitulo zinaamka nyeupe kwa sakitu, ule umande ulioganda.

Maharage yako ya friza yanakuwa tayari kwa dakika 15: rojo kwenye sufuria, maharage, maji kidogo, tui lililobaki jana. Ponda machache kwa mgongo wa mwiko ili mchuzi ushikane. Ugali usongwe palepale, hauchukui hata robo saa, na hakuna chakula cha haraka kuupita.

Wali unataka adabu yake. Haya ya vijidudu unayajua kuliko mimi, wewe ndiye muuguzi, lakini mtu aliyechoka husahau alichosomea. Bwana afya wetu kila akipita anaangalia wali kwanza. Wali uliolala mezani usiurudie, hata ukipashwa mpaka utoe mvuke, maana sumu inayozalishwa humo haifi kwa kupashwa. Ukipika mwingi, utandaze kwenye sinia upoe upesi, ndani ya saa moja uwe kwenye friji, kesho yake uumalize. Na ukipasha, pasha mara moja tu, mpaka katikati kuwe moto.

Samaki nakuwekea msisitizo. Wewe ndiye uliyenieleza kwamba Uingereza wanashauri kila mtu afikirie kumeza mikrogramu 10 za vitamini D kwa siku kipindi chote cha baridi, kwa sababu jua halitoshi, na kwamba watu wenye ngozi nyeusi kama yetu wanashauriwa hivyo mwaka mzima. Basi vidonge meza, na samaki wa mafuta kula pia. Umenitumia picha za wauza samaki wa soko la Kirkgate, nikaona vibua wanene wanang'aa. Nunua siku ya mapumziko, waoshwe na kukatwa palepale, weka friza vipande viwili viwili. Asubuhi ukienda kazini hamisha vipande kwenye friji viyeyuke. Jioni chemsha rojo na nusu kikombe cha maji, laza vipande juu, funika dakika nane mpaka kumi. Usikoroge, watavunjika, tikisa sufuria tu. Siku huna samaki, fungua kopo la sadini, mimina na mafuta yake kwenye rojo, dakika tano, ule na ugali.

Viazi na njegere unavijua. Nakukumbusha tu ukate viazi vidogovidogo, upana wa kidole, viive kwa robo saa. Njegere za friza zitie mwishoni, dakika tatu zinatosha, zikikaa zaidi zinapauka. Kiazi chenye rangi ya kijani kitupe. Mayai nayo: rojo likichemka, pasulia mawili juu, funika.

Na kuna siku utarudi huna nguvu hata ya kushika kisu. Namaanisha zile siku ambazo mgonjwa wako amefariki, au mlikuwa wachache wodini. Siku hizo usijilazimishe kupika, ila usilale na chai tupu. Pika uji wa ulezi. Unga wake kwenye maduka ya Wahindi unauzwa kwa jina la ragi. Koroga vijiko vitatu vikubwa katika maji ya baridi, mimina kwenye vikombe viwili vya maji yanayochemka, koroga bila kuacha mpaka uanze kutokota, punguza moto, uive dakika 10. Tia kijiko cha siagi ya karanga, maziwa, sukari kidogo. Baba yako alipokuwa anarudi kutoka kuvuna viazi amelowa mvua, uji huo ndio alioutaka kabla ya kitu kingine chochote, na alikuwa anaunywa amekaa, si kwa kusimama jikoni. Nawe kaa. Hata ukiwa peke yako, weka bakuli mezani, weka simu mbali, ule mpaka umalize.

Unasema wenzako wawili wa nyumba hiyo nao wanatoka zamu usiku. Ongea nao. Mmoja akipika Jumatatu, mwingine Jumatano, wewe Ijumaa, kila mtu anapika mara moja na kula mara tatu. Yule wa Kerala, kule India, uliyeniambia anapika dengu vizuri, mwombe akufundishe anavyokaanga viungo pembeni na kumiminia juu mwishoni. Nasi tuletee huo ujuzi.

Mwalimu jirani yetu ana ndugu anayesafiri kuja huko mwishoni mwa mwezi. Nimeshamwomba nafasi kwenye begi lake: majani ya chai ya hapa, tangawizi kavu, iliki na ule mwiko mdogo wa mti uliouacha. Nijibu mapema sufuria yako kubwa inaingiza lita ngapi, na kama ina kifuniko kinachobana. Kama ni ile ndogo niliyoiona nyuma yako tulipozungumza kwa video, haitoshi kuchemshia nusu kilo ya maharage. Nunua ya lita tano kabla ya siku yako ya mapumziko inayokuja.

Mama yako