Mngurumo umeongezeka baada ya kubadili njia ya hewa: je, nguvu nayo imeongezeka?

SWALI: Mtaalamu, naomba ushauri wako. Gari langu ni la petroli, injini ya lita 1.8 isiyo na turbo. Niliondoa boksi la filta la kiwandani pamoja na bomba lake, nikafungiwa filta ya koni na bomba la alumini lenye kipenyo cha milimita 70. Sehemu ya kiwandani iliyobeba sensa ya hewa ilikuwa na milimita 60. Mngurumo umekuwa mzito na ninahisi gari limechangamka, lakini linasita ninapokanyaga mafuta nikiwa kwenye mwendo wa polepole, na taa ya injini imewaka kwa kosa P0171. Aliyenifungia anasema kompyuta itajizoesha yenyewe baada ya siku chache. Je, nisubiri?

JIBU: Usisubiri. Kosa P0171 lina maana kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli inavyohitaji, na chanzo chake kimo katika vipimo ulivyoandika mwenyewe. Sensa ya hewa haipimi hewa yote inayoingia. Inapima jinsi mkondo unavyopoza waya wake wenye moto, kisha kompyuta inakadiria jumla kwa kuchukulia kwamba bomba lina upana ule ule wa kiwandani. Ukiihamisha kutoka milimita 60 hadi 70, eneo la kupitisha hewa linaongezeka kwa takribani asilimia 36, na hewa ile ile inaipita sensa kwa kasi iliyopungua kwa zaidi ya robo. Kompyuta inaamini hewa imekuwa kidogo, inapunguza petroli, halafu sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inaonyesha upungufu wa petroli, nayo inaanza kuongezwa ili kufidia. Fidia hiyo ina kikomo, na taa iliyowaka ni taarifa kwamba kikomo kimefikiwa. Huko kujizoesha unakoahidiwa kumekwisha kujaribiwa na kumeshindikana. Hatari kubwa zaidi iko pale unapokanyaga mafuta hadi mwisho, kwa sababu kompyuta za magari mengi wakati huo huacha kufuata sensa ya kawaida ya oksijeni, na mchanganyiko wenye petroli pungufu chini ya mzigo mkubwa huleta kugonga kwa injini, hali inayoweza kuvunja ringi au kutoboa pistoni.

Rudisha boksi na bomba la kiwandani, kagua kama kuna mahali pengine panapovuja hewa, kisha futa kosa. Kama filta ya koni uliyofungiwa ni ile ya pamba inayopakwa mafuta, kagua pia waya wa sensa, kwa kuwa mafuta yakizidi hunata hapo na kuharibu usomaji wake.

Linalonisumbua zaidi katika barua yako, na ninaloliona karibu kila mara suala hili linapoletwa, ni maneno “ninahisi gari limechangamka”. Unachokihisi ni sauti. Kila vali ya kuingiza hewa inapofunguka na pistoni kuvuta, wimbi la mgandamizo hukimbia kurudi nyuma kwenye bomba; injini ya silinda 4 inayozunguka mara 3,000 kwa dakika hutoa mapigo 100 ya namna hiyo kila sekunde. Boksi la filta, kwa ukubwa wake, huyatuliza mapigo hayo, na kile kichemba kilichofungwa kando ya bomba, rezoneta, kimepimwa ili kifute mlio wa kiwango fulani kwa kanuni ile ile inayoifanya chupa tupu ilie unapopuliza mdomo wake. Mafundi wengi huking’oa wakidai kwamba kinaibana hewa, ilhali hewa inayokwenda kwenye injini haipiti ndani yake. Iko pembeni ya njia. Ukiking’oa na kuliondoa boksi, unausikia mvumo uliokuwapo tangu gari lilipotoka kiwandani, na sikio linauhesabu kuwa ni mwendo.

Nguvu ina kipimo chake, na si kigumu. Unganisha geji ya mgandamizo kati ya filta na throto, yaani kilango kinachofunguka unapokanyaga mafuta, kisha usome injini ikiwa imekanyagwa kikamilifu kwenye mizunguko ya juu. Hewa ya nje usawa wa bahari ina mgandamizo wa takribani kilopaskali 101. Geji ikionyesha upungufu wa kilopaskali 2, basi hata filta ya miujiza isiyozuia chochote isingeweza kukuongezea zaidi ya takribani asilimia 2, na hiyo ni pale tu unapokanyaga hadi mwisho. Katika uendeshaji wa kawaida throto yenyewe imefungwa nusu au zaidi, na kizuizi hicho ni kikubwa mno kiasi kwamba tofauti ya filta haionekani. Utafiti uliotolewa mwaka 2009 na maabara ya Oak Ridge ya Marekani ulionyesha kwamba hata filta iliyozibwa haibadilishi kwa kiasi cha maana ulaji wa petroli wa magari ya kisasa. Kinachoathirika ni uongezaji wa mwendo.

Kwa upande wako huenda umepoteza. Boksi la kiwandani huvuta hewa kutoka mbele ya gari au ndani ya bawa, yaani bodi ya pembeni iliyo juu ya gurudumu la mbele, ilhali koni iliyo wazi chini ya boneti huvuta hewa iliyopashwa na injini. Hewa ikipanda kutoka nyuzi 30 hadi 60 za Selsiasi, uzito wake kwa kila lita hupungua kwa takribani asilimia 9. Kwenye injini yenye turbo iliyopangiwa upya programu ya kompyuta, njia pana ya hewa huweza kuwa na faida ya kweli, na anayeifanya kazi hiyo kwa uaminifu atakuonyesha vipimo vya kabla na baada vilivyochukuliwa kwenye mashine ya kupimia nguvu.

Wasio na vipimo hivyo ndio wanaouza vifeni vya kuingiza ndani ya bomba, ambavyo huongeza kizuizi tu, na kibaya kuliko vyote, kile kinachoitwa “chipu ya nguvu” cha kuchomeka kwenye sensa ya joto la hewa. Nyingi kati ya hizo, ukizifungua, ndani mna rezista moja, yaani kipande kidogo cha kuzuia umeme, inayoidanganya kompyuta kwamba hewa ni ya baridi kali. Kompyuta huongeza petroli isiyohitajika, petroli hiyo huosha utando wa oili kwenye kuta za silinda, na isiyoungua huenda kuiunguza katalisti, yaani kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi. Kama mtu huyo huyo aliyekufungia bomba amekuwekea na kifaa hicho, kitoe leo hii kabla hujawasha gari tena.