Maswali ya Wasomaji: Bei ya Safari za Angani

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeona mchoro unaofanana na ramani ya njia za treni, ambamo kila kituo ni mzingo wa angani, yaani njia ya kuzunguka dunia au sayari nyingine, na kila mstari umeandikiwa namba. Kutoka mzingo wa chini wa dunia hadi njia ya kwenda Mwezini ni 3.1, na hadi njia ya kwenda Mirihi ni 3.6 tu, ilhali Mwezi uko kilomita 384,000 kutoka kwetu na Mirihi, hata ikitukaribia sana, iko zaidi ya milioni 50. Namba hizo ni za nini, na mbona gharama ya mafuta haikuandikwa kwa tani?
— Msomaji, Malindi

JIBU: Ni kilomita kwa sekunde, yaani jumla ya badiliko la kasi ambalo chombo hulazimika kujipa kwa injini yake ili kihame mzingo mmoja na kuingia mwingine. Umbali hauna uzito mkubwa hapa, kwa kuwa huko juu hakuna hewa ya kukizuia chombo: kikishapata kasi inayotakiwa injini huzimwa, nacho huendelea kwa miezi kadhaa bila kuchoma mafuta. Mhandisi Mjerumani Walter Hohmann alionyesha mwaka 1925 kwamba safari kati ya mizingo miwili ya duara yaweza kufanywa kwa kuwasha injini mara mbili tu, kwanza kuirefusha njia iwe duaradufu inayougusa mzingo wa pili, kisha kuifanya duara tena inakofikia.

Tani hutegemea chombo na injini yake, ilhali badiliko la kasi hutegemea njia, kwa hiyo ramani moja huwafaa wote. Kila mhandisi hujipigia hesabu ya tani kwa kanuni aliyoichapisha Mrusi Konstantin Tsiolkovsky mwaka 1903, na hapo ndipo penye uchungu, maana mafuta ya baadaye nayo ni mzigo unaosukumwa na mafuta ya mwanzo. Chukua chombo cha tani 1 bila mafuta, ambacho injini yake hutoa gesi kwa kilomita 3.1 kwa sekunde. Safari ya 3.1 itakidai tani 1.7 za mafuta. Safari ya 6.2 haitadai tani 3.4 bali 6.4.

Yapo mambo ambayo ramani hiyo huyaficha. Namba ya Mirihi ni ya majira mazuri tu, ambayo hurudi kila baada ya miezi 26 hivi. Nje ya hapo bei hupanda haraka, ndiyo sababu wapangaji wa safari huchora pia chati yenye tarehe za kuondoka upande mmoja na za kufika upande wa pili. Tena Mirihi ina hewa, ambayo chombo chenye ngao ya joto huitumia kama breki, ilhali Mwezini kasi yote huondolewa kwa mafuta. Kwa hiyo kutua Mirihi kwaweza kudai mafuta kidogo kuliko kutua Mwezini. Ghali mno ni kugeuza mwinamo wa mzingo, yaani pembe kati yake na ikweta. Karibu na dunia, kuugeuza kwa digrii 60 hugharimu 7.7 hivi, sawa na kasi nzima ya chombo chenyewe. Hili lina ushahidi jirani na kwako: jukwaa la kurushia roketi la San Marco, baharini karibu na Malindi, ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Disemba 1970, liko digrii 3 hivi kusini mwa ikweta, na roketi iliyotoka hapo iliingia mzingo wa ikweta karibu bila kugeuzwa.

SWALI: Katika ramani hiyohiyo, kufika mzingo wa setilaiti za mawasiliano, kilomita 35,786 juu ya ikweta, ni 3.9. Inakuwaje kuzidi safari ya kupita Mwezini? Au ni kosa la uchapaji?
— Mwanafunzi, Mwanza

JIBU: Si kosa. Katika hizo 3.9, 2.4 za kwanza huirefusha njia hadi kimo hicho na 1.5 huifanya duara. Anayepita tu Mwezini haihitaji hatua ya pili. Tena kupita Mwezini kumewahi kuwa njia nafuu ya kufika kimo hicho: setilaiti ya mawasiliano ya AsiaSat 3, iliyorushwa kutoka kituo cha Baikonur, Kazakhstan, mwishoni mwa 1997, ilikwama katika njia ndefu iliyoinama zaidi ya digrii 50, na kuigeuza moja kwa moja kungemaliza mafuta yake. Mwaka 1998 wahandisi wa Hughes, kampuni iliyoiunda, waliizungusha Mwezini mara mbili, mvutano wa Mwezi ukapunguza mwinamo huo bila malipo, nayo ikarudi kwenye kimo cha setilaiti za mawasiliano ikiwa na mwinamo wa digrii chache tu.