Manjano yamegeuka mekundu: je, maharage yana dawa?

SWALI: Nauza chakula Buguruni. Nimeona video inasema wakemia wa zamani walitumia manjano kugundua dawa ya kuhifadhia nyama. Nikakoroga manjano kwenye maji, nikadondoshea kwenye maharage yangu niliyopika kwa magadi, yakawa mekundu palepale. Je, yametiwa dawa? – Mama lishe, Buguruni

JIBU: Mama yangu, ulichokiona ni kazi ya magadi. Manjano hugeuka mekundu yakikutana na alkali yoyote, iwe magadi, majivu au sabuni. Ndiyo maana doa la mchuzi kwenye kanzu nyeupe huwa jekundu ukilipaka sabuni ya mche.

Kipimo chenyewe ni cha kweli, ila video imeruka hatua inayobeba kila kitu. Mwishoni mwa karne ya 19 boraksi, chumvi ya madini inayozuia chakula kuoza, ilitiwa sana kwenye nyama na siagi huko Ulaya na Marekani. Mkemia aliloweka karatasi kwenye maji ya manjano akaikausha. Kisha alichukua maji yaliyotoka kwenye nyama, akayatia asidi haidrokloriki kidogo, akachovya karatasi na kuikausha kwa joto dogo. Asidi huvunja nguvu ya magadi, kwa hiyo magadi peke yake yangeiacha karatasi ikiwa bado ya njano. Boraksi haikimbii: ndani ya asidi inakuwa asidi ya boriki, inashikana na rangi ya manjano, na karatasi ikikauka inakuwa nyekundu. Hata hapo mkemia hakuridhika. Alidondoshea amonia, na wekundu ukigeuka kijani cheusi au bluu iliyokolea, ndipo aliandika kwamba boraksi imo. Hatua hiyo ya mwisho naiheshimu sana, kwa sababu aliyekuwa anasubiri jibu ni mchinjaji ambaye riziki yake ingeweza kufungwa kwa rangi ya karatasi.

Maziwa yalikuwa na kipimo chao. Formalini, dawa ya kuhifadhia maiti ambayo wauzaji wengine waliitia kwenye maziwa yasiharibike, ilitambuliwa kwa njia ya mkemia Otto Hehner: maziwa yakimiminwa taratibu juu ya asidi salfuriki yenye chembe ya kloridi ya chuma, pete ya zambarau hutokea pale vinapokutana.

Lakini rangi husema kitu kimo, haisemi kama kinadhuru. Swali hilo Harvey Wiley, mkemia wa serikali ya Marekani, alilipeleka kwenye miili ya watu. Mwaka 1902, jijini Washington, vijana 12 waliojitolea walianza kulishwa vihifadhi, boraksi ikiwa ya kwanza. Ilifichwa kwenye siagi. Walipoanza kuikwepa siagi, wakapewa kwenye vidonge. Waliumwa vichwa na matumbo, wakapoteza hamu ya kula. Leo hakuna kamati ya maadili ingeruhusu jambo hilo, na ni sawa kabisa. Hata hivyo kazi yao ilisaidia kupatikana kwa sheria ya chakula na dawa ya Marekani ya 1906.

Tafadhali usijaribu asidi hizo jikoni. Zinaunguza na mvuke wake ni hatari. Nyama nunua yenye mhuri wa mkaguzi. Ukiwa na shaka na bidhaa fulani, ipeleke Shirika la Viwango Tanzania, TBS, pale Ubungo, ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula. Ipeleke ikiwa kwenye kifungashio chake pamoja na risiti, na uwaeleze hasa unachokihofia, maana maabara huchagua kipimo kulingana na kinachotafutwa.