Kwa mnaoanza wodi ya afya ya akili: namna ya kuuliza habari za utotoni

Wadogo zangu mnaoripoti wodini kwa mafunzo, nina miaka 14 katika kazi hii, na kila mwaka nakuta sentensi moja kwenye mafaili ya wanaoanza: "Utoto wa kawaida. Hakuna tukio." Niliiandika na mimi mwaka wangu wa kwanza. Kijana mmoja mwenye skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo au kuamini mambo yasiyo ya kweli) nilimuuliza utoto wake ulikuwaje, akajibu "kawaida tu, daktari," macho yakiwa sakafuni. Nikafunga faili, nikaenda kwa anayefuata.

Wiki ya tatu umeme ulikatika jioni, mhudumu akawasha chemli. Kijana yule alinyanyuka kitandani akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Nilimfuata, nikakaa chini karibu naye. Baada ya muda akaanza kusema, kidogo kidogo: yuko darasa la pili, amemwaga mafuta ya taa, mjomba amemfungia stoo, nguo zimelowa mafuta, na alfajiri anasikia wenzake nje wakigonganisha ndoo kwenda kuchota maji. (Mambo kadhaa nimeyabadilisha ili asitambulike.) Wiki 3 nilikuwa na mtu huyo, na mimi nilikuwa nimeshaandika hakuna tukio.

Hakunidanganya. Hapo ndipo nataka mnielewe. Mwaka 1986, Williams na Broadbent huko Uingereza waliwapima watu waliolazwa baada ya kumeza dawa kwa nia ya kujiua. Walitaja neno, tuseme "furaha", wakaomba tukio moja la siku moja. Wagonjwa walielekea kujibu kwa jumla, mfano wa "nilikuwa nafurahi tukienda kwa bibi", badala ya siku ile bibi aliponichinjia jogoo nilipofaulu mtihani. Tafiti zilizofuata zimeliona jambo hilo hilo kwa watu wenye skizofrenia. Ugonjwa unavuruga umakini, kwa hiyo tukio halihifadhiwi vizuri tangu mwanzo, na baadaye kulitafuta kichwani ni kazi nzito. Wapo pia watafiti wanaoeleza kwamba mtoto aliyeumizwa hujifunza kuishia mlangoni: anabaki na "nilikuwa napigwa" kwa sababu kuingia ndani, kwenye siku na chumba na sauti, kunauma. Kwa mgonjwa wako mambo hayo mawili yanaweza kuwa yamekutana.

Kwa hiyo swali la "utoto wako ulikuwaje?" linaomba muhtasari, na muhtasari ndio utakaopewa. Mimi naanzia kwenye vitu. Mlikuwa mnalala wapi? Nani alikuwa anapika? Ukitoka shule, mlango anakufungulia nani? Halafu nanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kwenu, maana mna wagonjwa wengi na daktari wa raundi anasubiri, lakini mtu huyu anahitaji muda mrefu kuliko mliozoea. Msimpe maneno ya kumalizia. Ukimwambia "alikuwa anakupiga, siyo?", hutajua tena kama jibu ni lake au ni lako.

Msiulize siku ya kwanza, akiwa bado anapambana na sauti, na msiulize mbele ya ndugu aliyemleta. Ndugu huyo anaweza kuwa ndiye mwenye stoo.

Mtakutana na dodoso la kiwewe cha utotoni lenye maswali 28. Matatu kati yake yamewekwa kumtambua anayepamba mambo, mfano anayekubali kwamba familia yake ni bora kuliko zote duniani. Kwetu hapa nawaomba muwe waangalifu na hayo. Mtu aliyelelewa kuheshimu wazazi atakubali kwa adabu tu, na mwingine ataona kusema vingine ni kuwavua nguo waliomzaa. Swali la kukosa chakula nalo halitoshi. Muulizeni: nyumba nzima ilikosa, au wengine walikula wewe ukanyimwa? Njaa ya nyumba nzima ni umaskini. Sahani iliyopitishwa mbele yako ikaenda kwa watoto wa shangazi ni kitu kingine kabisa, na wengi waliolelewa kwa ndugu watalielewa swali hilo kabla hujalimaliza.

Mtasikia wakubwa kazini wakisema, "Huyo ni mgonjwa wa akili, usimwamini." Msilipokee. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu wagonjwa wa saikosisi (hali ya kupoteza mguso na uhalisia, kama inavyoonekana kwenye skizofrenia) nchini Uingereza ulikuta kwamba maelezo yao ya ukatili wa utotoni hayakuyumba sana hata baada ya miaka 7, wala hayakutegemea ukali wa dalili siku ya kuulizwa. Lakini msikimbilie upande wa pili pia. Uchambuzi wa mwaka 2012 uliokusanya tafiti nyingi ulionyesha kuwa uwezekano wa saikosisi ni karibu mara 2.8 zaidi kwa waliopitia mateso utotoni. Hiyo haimaanishi kila mwenye skizofrenia aliteswa. Nimemwona mama akilia kliniki kwa sababu mwanafunzi alimwambia malezi yake ndiyo chanzo. Alikuwa amemuuguza mwanawe miaka 6, akiuza maandazi ili apate nauli ya kumpeleka sindano ya kila mwezi.

Akikusimulia tukio, andika maneno yake kama alivyoyasema. Usimwache palepale kwenye stoo ukaenda kunywa chai. Muulize anajisikiaje, kama ana mawazo ya kujidhuru, na leo usiku atakuwa karibu na nani. Kisha mrudishe kwenye siku inayokuja, maana anayeshindwa kuchota tukio moja la jana mara nyingi hushindwa pia kuiona kesho kwa undani. "Jumatatu ukitoka hapa, utapanda gari gani? Nani atakupokea?"

Kijana wangu alifikiri kwa muda mrefu, akasema dada yake atamsubiri stendi. Kisha akaongeza, bila kuulizwa, kwamba siku ile alfajiri ni dada huyo huyo aliyemfungulia stoo.