Omu nilipata sawa, rezista ikaungua vilevile

Hii nawaandikia nyie mnaoanza kuchezea umeme, maana naona wengi mnapita palepale nilipopita mimi. Nilikuwa na kifeni cha volti 5, kimeandikwa kinakula miliampia 300, na nilichokuwa nacho ni betri ya volti 12. Nikasema ah, kazi ndogo hii, natia rezista moja, kile kidude cha kuzuia umeme, katikati imeze zile volti 7 zinazozidi, feni ibaki na 5 zake.

Hesabu ya kwanza tu nikaboronga. Ukinzani, ambao unapimwa kwa omu, ni volti gawa kwa ampia, hilo nilikuwa nalijua, sasa nikachukua 7 nikagawa kwa 300 nikapata 0.023 ya omu, yaani hiyo ni kama kipande cha waya tu, na mi wala sikushtuka nikaanza kuitafuta rezista ya namna hiyo kwenye boksi langu. Haipo bwana! Kumbe fomula inataka ampia, na miliampia 300 ni ampia 0.3. Saba gawa kwa 0.3 unapata omu 23 na ushee. Kwa hiyo kabla hujagusa kikokotoo, badilisha miliampia kwanza, gawa kwa 1000, andika kwenye karatasi, ndo uendelee.

Basi nikapata ya omu 22, ile saizi ndogo ya robo wati, nikaunga, feni ikazunguka, nikafurahi kweli. Haikupita muda nasikia harufu, kuangalia rezista imekuwa nyeusi na kamoshi kanatoka. Omu zilikuwa sawa jamani, tatizo ni kwamba sikupiga hesabu ya pili. Nguvu ni volti zidisha kwa ampia, 7 mara 0.3 ni wati 2.1, na mi nimeweka kitu cha wati 0.25. Nilikipa mzigo zaidi ya mara 8 ya uwezo wake, kisiungue kwa nini?

Tangu hapo ukinipa volti na ampia natoa majibu mawili, sio moja. Nagawa napata omu, nazidisha napata wati. Na wati nikishapata naongeza mara mbili ndo nachagua rezista, kwa hiyo hiyo ya 2.1 ningeweka ya wati 5.

Sasa hapa kuna kitu kinawachanganya watu sana, hata mimi kilinichukua muda. Volti zipi? Mwingine anachukua 12 ya betri anagawa kwa 0.3 anapata omu 40, halafu ananunua rezista ya 40, feni inajikongoja tu. Hiyo 40 ni ya njia nzima, rezista pamoja na feni. Ukitaka ya rezista tumia volti zilizo kwenye ncha mbili za rezista yenyewe, ukitaka ya feni tumia za feni. Jihakiki hivi: rezista 23.3, feni 5 gawa kwa 0.3 ni 16.7, jumlisha, 40 hiyo hapo. Wati nazo hivyohivyo, betri inatoa 3.6, feni inapata 1.5, zilizobaki 2.1 zinaishia kwenye joto. Yaani zaidi ya nusu ya betri napasha nayo hewa, halafu mota ikianza kuzunguka inavuta umeme mwingi zaidi, rezista inazidi kumeza volti na feni inaweza hata isiwake. Kusema ukweli rezista haikuwa jibu kabisa, kazi ile ni ya kile kisakiti cha kushusha volti. Kwa taa ndogo ya LED hapo sawa, rezista inatosha.

Vitu vya nyumbani hesabu ni ileile ila kuna mtego. Birika la umeme la wati 2000 kwenye volti 230 linavuta ampia 8.7, ukinzani wake kama omu 26.5. Umeme ukishuka ukawa volti 200 mtu anazidisha 200 kwa 8.7 anasema wati 1740. Hapana, volti zikishuka ampia nazo zinashuka, kinachobaki karibu vilevile ni omu. Hapo chukua volti mara volti gawa kwa omu, unapata kama 1510. Robo ya nguvu imepotea na volti zimepungua 30 tu, ndo maana maji hayachemki leo.

Na usidharau ukinzani mdogo. Soketi iliyolegea ikiwa na nusu omu tu, na birika hilo linavuta ampia 8.7, piga ampia mara ampia mara omu, ni kama wati 38 pale kwenye jino la plagi. Plastiki inayeyuka hiyo. Ukishika plagi ukaikuta ya moto, acha kuitumia.

Kingine ukipima balbu ya kizamani ya waya kwa multimita, ile mita ya kupimia volti, ampia na omu, ikiwa imezima utapata omu chache mno kuliko hesabu inavyosema, usidhani mita mbovu, ule waya ukipata moto ukinzani unapanda mara nyingi sana.

Halafu omu hazipimwi umeme ukiwepo, chomoa kwanza. Ampia ndo unakata njia unaweka mita katikati, sio kugusisha waya mbili kwenye ncha za betri kama unapima volti. Mi niliigusisha hivyo, fyuzi ya mita ikaenda. Wiki iliyofuata nikarudia tena kosa lilelile, sasa hivi fyuzi nanunua tano tano.