Mstari mmoja, na bado hulali

Ujumbe ulioingia wiki hii umetoka kwa kijana wa Makorora, Tanga. Amejipima VVU mara 6 ndani ya wiki 5 kwa kipimo cha ufizi. Kila mara mstari mmoja, yaani jibu la hana, na kila mara anatafuta kipimo kingine. Cha mwisho alikifanya saa 4 usiku akakitazama tena alfajiri, akaona kivuli cha mstari wa pili. "Hivi vipimo ni vya kweli?" anauliza.

Mdogo wangu, vipimo ni vya kweli. Ulichokosea ni kalenda na saa, na wengi wanaoteseka kama wewe wamekosea hapo hapo.

Tuanze na kalenda. Kipimo cha ufizi hakitafuti kirusi, kinatafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza baada ya kirusi kuingia. Kuzitengeneza huchukua wiki kadhaa, na kwenye maji ya ufizi huchelewa kuonekana kuliko kwenye damu. Kwa hiyo kipimo hiki huhesabiwa miezi 3 tangu siku ya tukio la hatari, kama ngono bila kondomu. Kama ni 1 Juni, jibu la kutulia nalo ni la 1 Septemba. Kujipima tarehe 10 Juni, 20 Juni na 5 Julai ni sawa na kwenda kuwinda pweza maji yamejaa: kutomwona si ushahidi kwamba hayupo mwambani. Na ukirudia ngono bila kondomu tarehe 15 Julai, hesabu inaanza upya 15 Julai. Hapa ndipo watu wanapojidanganya, wanahesabu kutoka tukio lile lililowatia hofu, siyo lile la mwisho.

Asiyeweza kusubiri miezi 3 aulizie kipimo cha maabara cha damu ya mshipa, kile kinachotafuta kingamwili pamoja na chembe ya kirusi chenyewe. Hicho huweza kuona kuanzia siku ya 18 hadi ya 45.

Sasa namna ya kupima. Angalia kwanza tarehe ya mwisho wa matumizi na mahali kipimo kilikolala. Kinatakiwa kihifadhiwe kati ya nyuzijoto 2 na 30, na joto la Tanga la Februari na Machi linavuka hapo bila shida. Kipimo kilichoshinda kwenye kiboksi cha bodaboda, juu ya dashibodi ya bajaji au kwenye rafu karibu na jiko usikitegemee. Kikitoka kwenye friji, kiache kwanza kipoteze ubaridi ndipo ufungue. Ndani ya pakiti kuna kifuko kidogo cha kukausha unyevu. Kama hakimo, kipimo hicho kitupe.

Usile, usinywe, usitafune kitu dakika 15 kabla. Kahawa, kashata, tambuu, bigijii, vyote ni hapana. Kama umepiga mswaki kwa dawa au umesukutua kwa dawa ya kinywa, subiri dakika 30. Mwenye meno ya bandia yanayofunika ufizi ayatoe.

Fungua kwanza kichupa chenye maji ya dawa. Kifuniko ukitikise taratibu huku ukikivuta, usikinyonge kwa nguvu, kwani maji yakimwagika kipimo kimekwisha. Kisimamishe kwenye kishikio chake. Kisha toa kijiti na usiguse kwa vidole ile sehemu laini ya kufutia. Pitisha kwenye ufizi wa juu mara moja, kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha ufizi wa chini mara moja. Si ulimi, si shavu, si paa la kinywa. Kinachotakiwa ni majimaji ya ufizi, siyo mate, na hapo ndipo wengi huharibu. Tumbukiza kijiti mpaka chini, usikitoe tena.

Washa saa ya simu. Soma baada ya dakika 20, na usisome baada ya dakika 40. Kabla ya dakika 20 mstari wa pili huenda haujajitokeza. Baada ya dakika 40 kijiti huendelea kukauka na kinaweza kuonyesha kisicho jibu. Ule mstari wa alfajiri, mdogo wangu, haukuwa jibu. Soma penye mwanga wa kutosha, na umeme ukikatika tumia tochi ya simu.

Kwenye kijiti kuna herufi mbili: C huonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi, T ndiyo ya jibu. Mstari kwenye C peke yake: hakijaona kingamwili. Hakuna mstari kwenye C: kipimo kimeharibika, hata kama T ina mstari. Mistari miwili ndani ya muda wake, hata ule wa T ukiwa umefifia kama penseli iliyofutwa: uende kituo cha afya. Huko utapimwa damu kwa vipimo zaidi ya kimoja kabla mtu yeyote hajasema una VVU. Kijiti peke yake hakimpi mtu ugonjwa, wala hakimwanzishii dawa.

Aliye kwenye ARV, dawa za VVU, asijipime kwa ufizi kutafuta kama "amepona". Dawa hufubaza virusi mpaka kingamwili zinaweza kupungua, na mstari mmoja ukamfanya aache dawa. Hili ni kosa baya kuliko yote.

Kuhusu makosa, mamlaka ya dawa ya Marekani ilipoidhinisha kipimo cha aina hii mwaka 2012 ilieleza kwamba watu wasio na utaalamu wakijipima, katika wenye VVU 12 mmoja anaweza kupata jibu la hana, na katika wasio na VVU 5,000 mmoja anaweza kupata jibu la anacho. Uone upande wenye uzito ulipo. Ndiyo sababu mwenye tukio la hatari ya kweli, akishapata mstari mmoja baada ya miezi 3, namshauri athibitishe mara moja kwa damu. Mara moja! Siyo sita.

Na jibu la mkeo kliniki ya wajawazito ni lake, si lako. Watu wazima wenye akili zao wanalitegemea hilo, na linaniumiza kila nikilisikia.

Homa, vipele na tezi wiki ya pili havithibitishi kitu. Malaria huleta homa, mafua huleta tezi. Wala busu, sahani ya pamoja, choo na mbu haviambukizi. Ukimpimia VVU mtu aliyekunywa kikombe kimoja na mgonjwa, unapima hofu.

Ndugu zangu, tuambiane ukweli. Mtu akishapima kwa tarehe sahihi, kwa damu, na bado anarudia, anachotafuta hakimo kwenye kichupa. Mara nyingi ni aibu ya kuchepuka, au siri anayoibeba mwenyewe. Hiyo ipeleke kwa mnasihi uiseme kwa mdomo. Kama hulali na huli, mwambie daktari hivyo hivyo, kwani wasiwasi nao una matibabu.

Na kama tukio ni la jana au juzi, acha kujipima kabisa leo. Nenda hospitali ya Bombo au kituo kilicho karibu nawe chenye CTC, kliniki ya matunzo na tiba ya VVU, uombe PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya tukio. Ianze ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, na vidonge humezwa siku 28 bila kuruka. Anayeitumia asitegemee kipimo cha ufizi, afuate tarehe za kurudi atakazopewa pale.

Wewe wa Makorora, tukio lako ulisema ni la wiki 5 zilizopita. Hesabu miezi 3 tangu siku ile, iandike tarehe ukutani, tumia kondomu mpaka ifike, na hicho kipimo cha saba kiache dukani.