Leo usiku tutoke au tulale? Maswali yenu ya anga

Kipupwe kimeingia na kila jioni naulizwa lilelile, leo kutaonekana kitu? Haya, nimeokota manne.

Apu ya simu ilisema hakuna wingu, nikapanda juu ya paa hapa Tanga nikaona nyota kumi tu. Imenidanganya?

Haijadanganya, imekujibu habari ya mawingu basi, ya unyevu na vumbi hukuiuliza, na sisi wa pwani unyevu ndo unatumaliza. Mi naanza kupima mchana, saa kumi hivi najibanza nyuma ya nguzo ya umeme mpaka jua lizibwe kabisa (usilitazame jua lenyewe, macho hayana spea) halafu naangalia rangi pembeni ya nguzo. Bluu ikifika hadi karibu na nguzo naandaa mkeka, kukiwa na weupe weupe kama maji ya mchele nalala zangu. Usiku nako washa tochi uielekeze juu, mwali wake ukisimama hewani kama mlingoti ujue hewa imejaa unyevu na vumbi.

Juzi nyota zilimetameta vizuri sana, mbona kwenye darubini sayari ya Zohali ilikuwa kama inachemka?

Pole, huko kumetameta ndo ugonjwa wenyewe. Huko juu hewa ya joto na ya baridi zinapishana, mwanga unayumba njiani, kama sarafu unavyoiona ikicheza chini ya maji ya ndoo. Ndo maana anga safi na anga tulivu ni vitu viwili, kuna usiku mvua imetoka kupita na upepo unavuma, nyota kibao ila sayari hazishikiki, na kuna usiku wa ukungu kidogo, hakuna upepo, nyota zimetulia utadhani zimegongomelewa misumari, huo sasa ndo wa kutoa darubini. Pima kwa nyota za utosini, za chini huwa zinacheza siku zote maana mwanga wake unapita kwenye hewa nyingi. Halafu usiilenge darubini juu ya paa la jirani, bati lililoshinda juani linatema joto hata baada ya magharibi. Mi hilo bati limeniharibia usiku mwingi kuliko mawingu.

Mwezi ulikuwa mpevu juzi, nisubiri wiki mbili?

Za nini zote hizo? Mwezi unachelewa kuchomoza kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo kesho kutwa utatoka karibu saa nne usiku. Giza huku kwetu linakamilika saa moja na nusu hivi, hapo una saa mbili zako.

Niko Kariakoo, taa kila kona. Nijaribu?

Njia Nyeupe, ule ukanda mweupe wa nyota, sahau, ila sayari na nyota kubwa utazipata. Jioni hizi tazama kusini, Msalaba una nyota nne kubwa na ya tano ndogo pembeni, ukiiona hiyo ya tano basi anga si baya. Msimu wa kaskazi hesabu Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wazee walisema kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, ukifikisha nyota sita umebahatika kwa mjini. Ila usihesabu ukitoka tu ndani, macho yanataka dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na ukichungulia WhatsApp hata mara moja unaanza upya.